Mwaka wa Konokono

Kandida tulimzika Mapera, siku ambayo mvua ilianza alfajiri na haikuonyesha dalili ya kuacha. Vijana waliochimba kaburi walilazimika kuyateka maji kwa ndoo kabla jeneza halijashushwa, na padri alisoma kwa haraka huku katekista akimshikia mwavuli uliovunjika upande mmoja. Nilisimama na wanawake wa jumuiya yake, kitenge kimelowa hadi magotini, nikiwasikia wawili wakinong'ona nyuma yangu. Mmoja alisema marehemu ameondoka na saratani ya kibofu, ndivyo walivyoambiwa hospitali. Mwenzake akaguna. "Saratani ya kibofu kwa mwanamke asiyejua hata sigara? Ameipata wapi? Hapo pana mtu." Sikugeuka. Ningegeuka ningelazimika kumjibu, na jibu langu lisingeishia pale makaburini. Lingeteremka mlima wote mpaka ziwani, Mbaha, kwenye mwaka mmoja ambao mimi na Kandida tulilala chumba kimoja na kula sahani moja, nami nikakiona kwa macho yangu, juu ya kipande cha kioo, kitu kilichokuja kumuua miaka yote hii baadaye.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, msaidizi wa maabara, nimetoka chuoni moja kwa moja. Mbaha hawakuwa na jina la kazi yangu. Aliyevaa gauni jeupe alikuwa nesi, basi nami nikawa Nesi, na mpaka naondoka hakuna aliyewahi kuniita Zaina isipokuwa Kandida. Maabara yenyewe ilikuwa stoo ya zahanati iliyoondolewa majembe na mifuko ya saruji. Ilikuwa na meza moja, hadubini moja ya kioo cha kunasa mwanga, na dirisha lililotazama ziwa. Milima iko nyuma ya kijiji, upande wa mashariki, kwa hiyo asubuhi tulikaa kivulini muda mrefu wakati ng'ambo ya ziwa tayari kumeng'aa. Mganga wa zahanati, mtu mpole wa Dodoma aliyekuwa amekaa Mbaha miaka mingi kuliko alivyopanga, alinipokea kwa maneno haya: "Hapa hakuna umeme, dada, kuna jua. Siku jua likikataa, andika kwenye daftari kwamba limekataa, usibuni majibu." Nilicheka. Baadaye niligundua kwamba hakuwa anatania, daftari la aliyenitangulia lilikuwa na kurasa nzima za "jua limekataa". Basi kazi yangu niliifanya adhuhuri na alasiri, jua linapovuka upande wa maji na kuingia dirishani, nikigeuzageuza kile kioo kidogo mpaka duara jeupe lijae.

Nilipangiwa chumba kwa Mzee Osmund, mvuvi, na mkewe ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Kandida. Mama huyo aliposikia kwamba mimi ni Mwislamu aliondoka, akarudi kesho yake na sufuria mpya kutoka gulioni, akaikwaruza alama ya msumari ubavuni. "Hii haijawahi kumwona nguruwe," aliniambia, "na haitamwona." Kwa mwaka mzima chakula changu kilipikwa ndani ya sufuria hiyo, na Kandida, ili nisile peke yangu, akahamia kula upande wangu. Tulikaa kwenye mkeka nje ya jiko, ugali wa muhogo mbele yetu ukivutika kama gundi, pembeni samaki, mbasa wa kukaanga au wale wadogo wa usipa waliochemshwa na nyanya, na moshi wa kuni ukitutoa machozi. Kandida alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa ameposwa na kijana wa Mapera, kijijini kwa wajomba zake, na kila jioni kabla giza halijaingia alishona vitambaa vya meza kwa uzi wa rangi. Alikuwa mtu wa kuongea huku mikono ikifanya kazi. Mimi niliyetoka nchi kavu, niliyekuwa namwogopa samaki mwenye kichwa, yeye ndiye aliyenifundisha kupasua, kutoa matumbo kwa kidole gumba, na kutazama ndani kabla ya kutupa.

Nasema kutazama ndani kwa sababu Kandida alikuwa na tabia hiyo. Alipenda kujua samaki alikula nini. Siku moja, tukiwa tumechuchumaa ufukweni na beseni katikati, alimpasua samaki mmoja wa rangi ya majivu mwenye madoa meusi ubavuni, si mkubwa, kiganja na nusu hivi. Akanishika mkono akanimwagia kilichokuwa tumboni. Vilikuwa vipande vya magamba ya konokono, vimesagika kama mtu aliyepondaponda kauri kwenye kinu. "Huyu chakula chake ndicho hiki tu," alisema. "Tia kidole kooni mwake." Nikatia. Ndani kabisa, mahali ambapo sikutegemea meno, kulikuwa na vibonge vigumu viwili vimekabiliana kama mawe ya kusagia. Mzee Osmund, aliyekuwa akishona wavu wake kando yetu, alinitajia jina la samaki huyo kwa Kinyasa. Nilimtaka alirudie, akalirudia, na hata hivyo halikukaa kichwani. Leo naona aibu kwamba jina la samaki aliyekuwa na maana kubwa kuliko wote sikulishika. "Hawa hawaendi mbali," mzee alisema. "Wanakaa hapahapa kwenye maji mafupi, kwenye mchanga na majani. Hatuwatafuti sana, nyama yao kidogo. Sisi tunawafuata wa kilindini." Nilinawa mikono, nikasahau. Chuoni nilikuwa nimechora mzunguko wa kichocho mara nyingi: mkojo wa mgonjwa unaingia majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinatoka kwa konokono, vinaingia ngozini kwa mtu. Mishale ilizunguka vizuri kabisa. Mahali pa samaki kwenye mchoro ule hapakuwapo.

Mwezi wa tisa, kahawa ikiwa imekwisha kuuzwa, alikuja Mjomba Severini kutoka Mapera, kaka yake Mama Kandida. Alikuwa mtu wa kicheko kirefu, amevaa koti zito lisilofaa kwa joto la ziwani. Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kupanda milimani na magari yao, wakanunua kahawa kwa fedha taslimu mlangoni pa mkulima, jambo ambalo Severini alilisimulia kama muujiza. Baada ya chakula, mimi na Kandida tukiwa tunaosha vyombo nyuma ya jiko, tuliyasikia mazungumzo yote kupitia ukuta wa matete. Severini alitaka kununua kokoro, ule wavu mrefu wa matundu madogo unaozungushwa na mtumbwi na kuvutwa nchi kavu kwa kamba, ambao ghuba za jirani zilikuwa zimekwisha kuanza kuutumia. Wavu wake, mtumbwi wa shemeji yake, samaki wapande mlimani.

"Kokoro linavuta mpaka kitanda cha samaki, shemeji," Mzee Osmund alisema. "Mama, mtoto, na majani waliyolalia. Mimi sijawahi kuvua hivyo."

"Hujawahi kwa sababu hukuwa na wavu. Sasa ni soko huria. Usipovuta wewe, atakuja kuvuta mtu wa Lituhi hapahapa mlangoni kwako."

"Aje. Dhambi iwe yake."

Severini hakucheka safari hiyo. Sauti yake ilishuka. "Osmund, njoo Mapera uone watoto. Ugali na maharage, na maharage yakiisha, ugali na chumvi. Juzi nimemzika mtoto wa jirani yangu amevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu. Na ninyi huku mmekalia samaki."

Mzee Osmund akaniita. Nilikwenda nikifuta mikono kwenye gauni. Aliniuliza, mbele ya shemeji yake, kwa heshima ambayo sikuistahili: "Wewe umesoma, Nesi. Unaonaje?" Nimeirudia jioni hiyo mara nyingi. Ningeweza kusema sijui. Mganga wangu alikuwa amenifundisha kwamba palipo giza mtu aandike kuna giza. Lakini nilikuwa nimefanya mazoezi katika wodi ya watoto, nimewaona hao aliowataja Severini, macho yao yasiyofuata kitu, ngozi inayobanduka kama rangi ya ukuta, nami nikajibu kwa uhakika wa mtu aliyepata cheti: "Mzee, watoto wanakufa kwa kukosa samaki. Hawa wanaozeeka majini wanamfaa nani?" Severini alipiga paja kwa furaha. Mzee Osmund alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa majibu ya maabara.

Na mwanzoni tulikuwa sahihi, lazima niliseme hilo. Miezi mitatu iliyofuata Mbaha ilinuka samaki kuanzia kanisani hadi zahanati. Kamba zilivutwa asubuhi na alasiri, wanaume upande huu, wanawake upande ule, watoto wa shule wakikimbilia majini na kaptula zao ili nao wapewe fungu. Kandida alivuta pia, maji yakimfika kiunoni, akiimba, akirudi nyumbani na vidole vimejikunja kwa kamba. Chanja za kukaushia zilipangwa mpaka njiani. Malori yaliyoteremka tupu yalipanda yamejaa, na Severini alituletea habari kwamba Mapera, hata Litumbandyosi, watu wanakula samaki katikati ya juma kama Wanyasa. Vijana wa kuvuta kamba walikuja kutoka mbali, wakajenga vibanda vya nyasi ufukweni, bila choo, maana ziwa lilikuwa pale. Nilipita kati yao kila siku nikienda kazini, nikaamkiwa, nikaitikia, sikuona kitu. Kokoro lilipofika nchi kavu lilikuja na kila kitu: samaki wakubwa, wadogo kama kucha, kaa, magugu ya majini yaliyong'olewa na mizizi yake. Yale magugu yalirundikwa pembeni yakaoza. Wale wa majivu wenye madoa walikuwa wengi sana siku za mwanzo, mabeseni na mabeseni, kwa kuwa hawakuwa na pa kukimbilia.

Baada ya Krismasi wavu ulianza kuja mwepesi. Mzee Osmund alisema ni mvua, maji machafu yanashuka na mito. Lakini mvua ilipumzika na wavu ukabaki mwepesi. Samaki wadogo waliokuwa wakitupwa sasa waliwekwa kwenye fungu, kisha wakawa ndio fungu lenyewe. Kwenye sahani yetu, mimi na Kandida tulirudi kwenye kisamvu. Katika siku hizo nilianza kuwaona konokono. Wadogo, weusi, mfano wa punje ya mahindi, wameng'ang'ania mawe ya kufulia, matete, hata kitako cha ndoo ukiiacha majini ukiwa unaongea na mtu. Mama Kandida aliwakwangua kwa kisu akilalamika kwamba hajawahi kuwaona kwa wingi hivyo tangu alipoolewa. Nami, niliyekuwa nimechora mishale yote ile, niliwaona konokono kama kero ya ndoo.

Waliokuja kwanza kwenye dirisha langu walikuwa wavulana, tena wakicheka. Walikuwa wakishindana nyuma ya shule nani mkojo wake mwekundu zaidi, wakiamini wamebalehe. Mwalimu aliwaleta kwa fimbo. Niliwapa chupa tupu za penisilini, nikazipanga kwenye kizingiti zitulie, alasiri nikachukua tone la chini na kulitazama. Sitasahau urembo wa kile nilichokiona, na hilo ni jambo baya kulisema. Mayai yaling'aa kama punje za mpunga wa kioo, kila moja na mwiba wake mmoja nyuma, na ndani yake kitu kikipepesuka, hai. Nilimwita Mganga akainama kutazama. Alikaa ameinama muda mrefu. "Kimekuwapo sikuzote," alisema, "mmoja mmoja. Lete wengine." Nikaleta darasa zima, kisha darasa jingine, na wasichana ambao hawakuwa wamemwambia mtu. Daftari lililokuwa limejaa "jua limekataa" likajaa alama za kujumlisha, mpaka nikaacha kuziandika kwa wino mwekundu kwa sababu kalamu iliisha.

Ni Kandida aliyeunganisha. Mimi naitwa msomi katika ukoo wetu na niliwahi kupongezwa kwa taarifa niliyoiandika baadaye, lakini ni yeye. Tulikuwa ufukweni na samaki wachache wa jioni. Alipasua, akatazama, akasema kama anayejisemea: "Siku nyingi sikuti tena magamba." Nikamuuliza magamba gani. "Ya konokono, Zaina. Yule mwenye mawe kooni. Tumemmaliza." Akanyanyua jiwe la kufulia, akaligeuza, chini yake limejaa weusi. "Nani atawala hawa sasa?" Niliinuka nikaenda kumtafuta baba yake, nikamkuta akitengeneza kasia, nikamweleza kila kitu nikichora mchangani kwa kijiti: mtoto, mkojo, konokono, mtoto. Kisha nikachora samaki pembeni na kumfuta kwa mguu. Sikumkumbusha kwamba nilimshauri mimi. Naye hakunikumbusha, ingawa tulikuwa tumekaa karibu kiasi cha kusikia pumzi zetu. Aliuliza jambo moja tu: "Wakiachwa, watarudi?" Nikasema sijui. Safari hiyo nilisema sijui.

Alhamisi moja ya Kwaresima, mchana kweupe, Mzee Osmund aliagiza kokoro litandazwe ufukweni kana kwamba linakwenda kushonwa. Wavuta kamba walikaa kuzunguka. Akatoa panga, akaanza kukata kutoka ncha moja, kwa utulivu, vipande vya urefu wa mkono, mpaka akafika ncha nyingine jasho likimtiririka. Severini alikuwa ameteremka siku ile kufuata mzigo. Alifika wavu ukiwa lundo. Hakupiga kelele. Alisimama na lile koti lake akasema, "Shemeji, hukukata wavu. Umenikata mimi."

"Watoto wanakojoa damu, Severini."

"Na wa kwangu je? Ulishawaona wakila?"

Mama Kandida alikuwa amempikia kaka yake kuku. Severini alipita mlangoni bila kuingia, akapanda kwenye lori, akaondoka na njaa yake. Kwao hilo ni jambo zito kuliko matusi. Mama aliliepua jungu, akaliweka chini, akakaa karibu nalo mpaka likapoa, na hakuna aliyemega. Mimi nilidhani kwamba angalau upande wa maji tumefanya jambo. Hazikupita wiki mbili makokoro mawili kutoka ghuba za jirani yakaja kuvuta mbele ya mlango wetu, kama Severini alivyosema. Ghuba isiyo na wavu ilikuwa ghuba yenye nafasi. Mzee Osmund aliwatazama kutoka barazani, kasia lake magotini. Serikali ya kijiji iliwaandikia barua; walivuta wakaondoka, wakarudi. Nimewasikia wataalamu kwenye semina wakieleza jinsi viumbe wanavyotegemeana, kwa michoro mizuri ya rangi, na kila mara nimemwona yule mzee. Alikuwa amejua kile tusichokijua, akaacha kukifuata kwa sababu yangu, akarudi kukifuata peke yake, na haikusaidia.

Dawa ilikuwa shida nyingine. Vidonge vya kichocho ni vikubwa, vyeupe, vichungu, na mtu humeza kwa uzito wake: vinne kwa mtu mzima, viwili kwa mtoto. Vilikuja kwenye boksi kutoka wilayani, na boksi la mwisho lilikuwa limeisha karibu lote kwa darasa la kwanza na la pili. Mganga aliandika barua. Akajibiwa kwamba utaratibu umebadilika, wananchi sasa wachangie, dawa zinapatikana madukani Mbinga. Kweli zilipatikana, kwa bei ya mtu mwenye kahawa. Katika ukoo ule mtu mmoja tu angeweza kuzinunua, naye ndiye tuliyemkatia wavu.

Wiki moja kabla ya Pasaka, Kandida aliniletea chupa ya penisilini, ameifunga kwenye kitambaa cha meza alichokuwa akishona. Tulikuwa peke yetu maabara, Mganga amekwenda Mbinga kufuata mshahara. "Usiandike jina," alisema. Hakuhitaji kueleza. Binti aliyeposwa akionekana na damu isiyo ya mwezi, wakwe wangesema ametembea. Nikaangalia. Yalikuwamo, mengi. Nilipoinua kichwa aliusoma uso wangu akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Kwenye kopo langu vilibaki vidonge vinne, vinne kamili, dozi yake. Nilikuwa nimekwisha kulishika kopo. Mlangoni akaingia Mama Benno, mjane wa nyumba ya tatu, amembeba mgongoni mtoto wake mdogo na kumshika mkono Benno mwenyewe. Yule mdogo alikuwa amekwisha rangi, kope zake ukizigeuza ni nyeupe kama karatasi. Mama yao hakuomba, alisimama tu. Nilisimama nami. Kisha nikavimimina vile vinne kiganjani, viwili kwa Benno, viwili nikavivunja kwenye kijiko cha uji kwa ajili ya mdogo. Sikumtazama Kandida. Walipoondoka nikamwambia boksi jingine linakuja mwezi ujao, wewe utakuwa wa kwanza. "Umefanya vizuri," akasema. "Mimi mtu mzima." Aliikunja chupa yake ndani ya kitambaa, akaenda kupika. Ningependa angenilaumu. Maneno yale ya upole yamenikalia kifuani kwa uzito ambao lawama isingekuwa nao.

Mwezi uliofuata boksi halikuja. Mama Kandida, kwa kutaka kuponya undugu na kaka yake, aliiharakisha harusi, maana Severini ndiye aliyekuwa mshenga, na kadiri siku zilivyopita posa ilizidi kuyumba. Baada ya Pasaka walimfungisha ndoa Mapera. Kabla hajaondoka nilimwomba atafute sababu ya kukawia, hata wiki mbili. Alikuwa anakunja nguo zake kwenye sanduku la bati. "Zaina, huko juu hakuna konokono," alisema. Ilikuwa kweli, na nilijua vilevile kwamba minyoo iliyomo ndani ya mtu haina haja tena ya konokono, hubaki miaka mingi ikikijeruhi kibofu. Sikusema. Chumba kilipokuwa changu peke yangu niligundua kwamba sikujua upande gani wa kitanda ni wangu.

Dawa ilifika mwishoni mwa mwezi wa sita, pamoja na barua yangu ya uhamisho. Nilihesabu vidonge vinne kabla ya kumpa mtu yeyote, nikavifunga kwenye karatasi, na nilipopanda lori kwenda Mbinga nikamwomba dereva asimame Mapera. Nilipanda mteremko uliotobolewa mashimo ya ngolo, kilimo chao cha vishimo, kama sega la nyuki, kahawa ikiwa imeiva pembeni mwa njia. Kandida alikuwa ameketi nje akipepeta maharage, na mama mkwe wake ameketi kwenye kigoda kando yake. "Shikamoo, mama," nikamwamkia mkwe. "Marahaba, karibu." Kandida aliinuka kunipokea na ndipo nilipoona. Kitenge kilikuwa kimefungwa juu, na kwa namna alivyoshika kiuno nilijua kabla hajasema. Kwenye boksi la dawa, siku zile, ilikuwa imeandikwa wazi kwamba mjamzito asipewe. Niliishika karatasi ile ndani ya mkoba na kuiacha. Aliniletea uji wa ulezi. Tulizungumza habari za Mbaha, za baba yake, za Benno na mdogo wake ambao walikuwa wakikimbia tena. Nikatafuta namna ya kuuliza.

"Ile hali," nikasema. "Bado?"

Alimtazama mama mkwe kidogo, kisha akanitazama mimi. "Hapana, Nesi," akasema. "Imekwisha."

Hakuwahi kuniita hivyo. Nilijua kwamba ananidanganya, na nilijua kwa nini, na dereva alipopiga honi niliinuka haraka kuliko ilivyohitajika. Nilijiambia akishajifungua nitarudi. Nilipangiwa kazi mbali, nikaolewa, alizaa tena na tena. Tuliandikiana barua za salamu, na mara zote mbili nilizopita kwake nyumba ilikuwa na watu.

Jioni ile nilifika Mbinga lori likiwa limenirusha mwili mzima. Kesho yake nilikwenda kukabidhi vifaa vya maabara kwa mtunza stoo: slaidi zilizobaki, chupa, daftari. Alitia alama moja moja kwenye fomu. Kisha akaiona ile karatasi mezani, akaifungua, akavigeuza vile vidonge vinne kwa ncha ya kalamu.

"Na hivi ni vya nani?" akauliza.

Nikamwambia havina mwenyewe. Akavitumbukiza kwenye kopo, nami nikasaini.